Ubeti wa Theluji

Avis Hallam hakuwa amemaliza ubeti wake Noreen Tasker alipoinuka na kugonga meza kwa glasi.

"Rudia hapo!" alisema. "Rudia, watu wasikie."

Ukumbi mzima wa kambi uligeuka kumtazama. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo wenye karavani wote wa kambi ile ya pwani ya Lincolnshire, Uingereza, huacha vijumba vyao vya magurudumu visivyokwenda popote, wakaja kuimba wimbo wao. Kiitikio ni kilekile miaka yote; beti kila mtu hujitungia, kuhusu jambo analolikumbuka la likizo zake. Mtoto aliyejifungia chooni, mvua ya siku tisa, chipsi zilizoibwa na ndege shakwe. Watu hucheka, hupiga makofi, zamu ikaenda kwa mwingine.

Avis, mjane mwembamba wa karavani namba arobaini, alidhani ubeti umependeza. Akatabasamu, akaimba tena:

*Nimeamka mapema, paa limevaa pamba,*
*Theluji imetandaa, tangu ngazi hadi bomba.*

"Theluji," Noreen alisema. "Mmesikia wenyewe. Haya, bibi, tuambie uliiona lini."

Tabasamu likamwisha Avis.

Kila mtu alielewa. Kambi hufungwa Januari na Februari, kwa amri ya halmashauri. Karavani ni za likizo. Asiye na nyumba kwingine haruhusiwi kuwa nayo. Na wiki tatu nyuma barua ilikuwa imebandikwa ukumbini: kuna mtu aliishi humu wakati wa baridi, na asipojulikana kufikia Jumatatu, karavani zote zitapekuliwa na kila mwenyewe atatakiwa kuleta hati ya nyumba yake. Tangu siku hiyo Noreen hakupata usingizi wa maana. Alikuwa akiwapima majirani kwa macho mmoja mmoja, na aliyemchukia kuliko wote ni Avis, kwa upole wake na jinsi alivyomwamkia kila asubuhi kana kwamba ni mashoga wa tangu utotoni.

"Labda ilikuwa Desemba," mtu mmoja alijaribu.

"Desemba gani? Baridi iliyopita theluji ilianguka usiku mmoja tu, katikati ya Februari, na kufika saa sita mchana ilikuwa imeshayeyuka yote." Noreen akamgeukia meneja. "Bwana Craddock, si ulikuwa unatafuta jina? Ndilo hilo, limesimama hapo linaimba."

"Sisi tunalipia nyumba mbili, yeye anatufanya mabwege!" mwanamume mmoja alifoka kutoka nyuma.

"Mtoeni!" mwingine akadakia. Walikuwa walewale waliompigia makofi dakika tano nyuma.

Craddock akaweka bia yake chini. "Bi Hallam, una nyumba?"

"Nilikuwa nayo, Nottingham. Tuliiuza mume wangu Ron alipougua."

"Kwa hiyo baridi yote ulilala hapa."

"Nililala, bwana. Nikifukuzwa hapa sina pa kwenda."

"Una la kujitetea?"

Avis akafumbua mdomo. Akamtazama Noreen, kisha akaufumba.

"Sina."

"Mimi na nyumba yangu ya Leicester," Noreen aliuambia ukumbi, ingawa hakuna aliyemuuliza, "ikifika mwisho wa Desemba nafunga mlango naenda zangu. Sheria ni sheria."

Craddock akampa Avis mpaka saa sita mchana kesho yake awe amehama. Kisha akaibandua ile barua ukutani na kuichana mbele ya watu: mkosaji kapatikana, upekuzi wa nini tena? Noreen alishusha pumzi ndefu. Usiku ule alikiimba kiitikio kwa sauti kuliko wote.

Jumapili Avis alipakia maisha yake ndani ya teksi peke yake. Majirani walichungulia tu nyuma ya mapazia. Noreen hakuona haja ya kujificha. Alisimama kwenye ngazi ya karavani yake, mikono kifuani, ahakikishe mwenyewe kwamba mambo yamekwisha.

Avis akakatiza nyasini na kumjia moja kwa moja, ameshika ufagio.

"Usinitolee macho," Noreen alimwahi. "Ulijiponza na mdomo wako. Mimi sikukutuma uimbe."

"Sikuja kugombana, shoga." Avis aliuegemeza ufagio kwenye ngazi. "Nimekuletea huu. Theluji ikianguka tena, toka mapema kabla meneja hajapita, ufute nyayo zako kutoka hapa mlangoni mpaka bombani. Zile za Februari nilikufutia mimi."