Neno la Kapteni Latosha

"Shahidi wa nini, mheshimiwa?" Bi. Keziah aliuliza, mikono kiunoni. "Kapteni hawajui watu wake?"

Hakimu wa bandari ya Newcastle, kaskazini mwa Sydney, alikuwa na njaa. Sheria ilitaka baharia mtoro wa meli ya kigeni aletwe kwanza mahakamani, atambuliwe, asikilizwe. Na meli ya Waswidi ilikwisha kujaza makaa ya mawe, inangoja maji yajae tu iondoke.

"Mkimsikiliza ataongopa," alisema Bi. Keziah. "Watoro wote husema wamezaliwa hapa hapa."

"Hilo nalo kweli." Hakimu akatia sahihi: neno la kapteni latosha, mtoro apelekwe moja kwa moja melini. Kisha akaenda kula.

Mtoro mwenyewe ni Nils, mpangaji wa Bi. Keziah. Kutoroka kwake hakukumuudhi mtu. Kosa lake ni kumchekea Loveday, binti wa mwenye nyumba. Mama gani mwenye akili atampa binti yake mtu ambaye kwao kunaelea?

Mtego ulishategwa. Asubuhi Bi. Keziah alimwambia mwanawe wa kiume, Ambrose, "Mpeleke Nils kilabuni, mnywe. Usimwache aondoke mpaka askari aje." Ambrose, mpakiaji wa makaa melini, hakungoja kuambiwa mara mbili.

Alasiri Mulvey aliingia jikoni akihema, shati limechanika. Ndiye askari mpya, aliyeletwa juzi tu kutoka Sydney.

"Tayari, mama. Meli imeshatoka."

"Kapteni alimtambua?"

"Alipita kilabuni akiwatazama kama mtu anayenunua farasi. Akanyoosha kidole: 'Huyo.' Lakini ana nguvu yule! Tulimbeba watu wanne."

"Alisemaje?"

"Ati kazaliwa hapa. Tena Kiingereza kimemnyooka!"

"Wanajifunza upesi hao." Bi. Keziah alicheka mpaka akashika mbavu. "Si niliwaambia mimi?" Akamkatia pande kubwa la pai ya kondoo. "Kula, baba. Umeokoa nyumba ya watu leo."

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Nils aliingia akiyumba, kofia mkononi.

"Mama, Ambrose amesharudi? Nilitoka nje kidogo tu kujisaidia. Kurudi, sikumkuta."