Upande wa Pili wa Mwiko

Redempta alisimama kando ya pipa, akimtazama mama mkwe wake akionja pombe ya ulezi ambayo safari hii Redempta ndiye aliyeipika, peke yake. Wateja walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi, wametulia kama wako kanisani.

Mama mkwe alimeza polepole, akajilamba midomo. Kisha akauchukua ule mwiko mkubwa. Ulikuwa umelika upande mmoja, maana wanawake watatu waliorithishana kilabu hicho cha pombe kijijini Kate, mkwe kwa mkwe, wote walikoroga kwa mkono wa kulia.

"Umekorogea mkono gani?"

Redempta alitaka kudanganya, akashindwa. "Wa kushoto, mama. Huu wa kulia haunitii."

Mama mkwe akaugeuza mwiko, akaupapasa ule upande ambao bado ulikuwa mzima. Akaanza kucheka.

"Basi, na huku nako kutalika."

Akamkabidhi mwiko, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaenda kujibana benchini katikati ya wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja. Akagonga kikombe.

"Mwenye kilabu! Huku koo zimekauka!"