Mabaki ya Pembeni

Kwa miaka ishirini Perpetua ndiye aliyechoma hostia, vimkate vyembamba vya komunyo, za shule ya masista. Alizikata duara kwa mkasi, na mabaki ya pembeni akawagawia watoto waliochungulia jikoni. Mwenyewe hakuruhusiwa kukomunika tangu alipoolewa mke wa pili, na padri alishamwambia asiulize tena.

Leo mjukuu wake Skolastika alipokea komunyo ya kwanza. Perpetua alibaki benchini peke yake, amekunja magoti ili wanafunzi wapite. Mtoto aliporudi, alimwinamia sikioni.

"Bibi, mbona ni zilezile unazotugawia jikoni?"

"Sizo," akasema Perpetua kwa ukali. Akaficha vidole vyenye unga, kisha akakunja tena magoti ili darasa la tano lipite.