Chumba cha Watatu

"Kuanzia miaka kumi na miwili, mama, kwetu huyo ni mtu mzima," ilisema sauti ya simu. "Na chumba kimoja hakilali watu wazima zaidi ya wawili."

Mama aliibana simu ya Baba kati ya sikio na bega, akaendelea kumenya viazi.

"Huyo mtu mzima wako wa miaka kumi na sita," alisema, "jana kafua suruali na simu ikiwa mfukoni."

"Ndio utaratibu wetu, mama."

"Utaratibu unaomkuza mtoto siku ya kulipia kitanda tu. Siku nyingine zote anaambiwa anyamaze, wakubwa wanaongea."

Simu ilikatwa. Hiyo ilikuwa hoteli ya sita. Mama alifuta mikono, akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu, akalikata jina la hoteli hiyo kwa mstari ulioacha tundu kwenye karatasi.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Bingwa, yule wa miaka kumi na sita, alikuwa amechaguliwa kukimbia mita mia nane katika mashindano ya vijana kule mji mkubwa. Waandaaji walitoa namba ya kubandika kifuani na maji ya kunywa. Kulala kila mtu ajijue. Na nyumba hiyo haikuwa imesafiri popote tangu msiba wa mwaka juzi.

Baba alisimama mlangoni, nywele zimejaa vumbi la sponji. Alikuwa fundi makochi, mpole wa kupindukia. Hata mteja akikosea vipimo, yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Mama, usijiumize kichwa," alisema. Alianza kumwita hivyo siku ya kwanza tu alipomtia machoni, akaapa kwamba hayo ni macho ya mama yake mzazi, na nyumba nzima ikafuata. "Chumba cha wawili tumeshakipata. Ijumaa ikifika hakuna kingine, nitakwenda na Bingwa."

"Tunakwenda sote au haendi mtu. Nyumba hii imeshapungua mara moja, Baba. Inatosha."

Baba alirudi kwenye makochi yake, na nyundo ikasikika ikigonga polepole.

Mama alikuwa mbishi, hilo hakulificha. Lakini safari hii alikuwa pia na woga. Aliogopa kubaki akipika chakula cha mtu mmoja, akisikia kila mlango unavyolia katika nyumba isiyo na watu. Mwenye woga wa namna hiyo haoni haya kubishana na hoteli.

Alhamisi saa kumi, kabla hata hajavua viatu, alipiga simu hoteli ya saba. Ilikuwa nyuma ya stesheni, na watu wa hoteli nyingine walikuwa wamemwonya kwamba lifti yake ni pambo tu. Alipokea mwanamume mwenye mafua.

"Kanuni yetu ni ile ile ya wengine," alisema, akapiga chafya. "Miaka kumi na miwili kwenda juu ni mtu mzima. Ila kipo chumba kimoja cha vitanda vitatu, ghorofa ya nne. Mko wangapi?"

"Watatu. Baba na vijana wawili, wa miaka kumi na sita na kumi na mitatu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimo."

"Basi wanne."

"Watatu."

"Mama, tuhesabu pamoja. Baba, mmoja. Vijana, wawili. Na wewe."

"Nimeshajihesabu."

"Hizi mbinu nazijua. Mtu analala chini ya kitanda, asubuhi wanateremka wanne wanadai chai."

"Nakuuliza bei ya chumba, unanifundisha kujumlisha. Kipo au hakipo?"

Mwanamume alicheka mpaka akakohoa. "Kipo. Nakiandika kwa jina lako, na wewe ndiye utakayesaini. Lakini nitawahesabu mimi mwenyewe kwa kidole. Mkifika wanne, mnachukua vyumba viwili."

"Tukifika wanne, wa nne utalala naye wewe hapo kaunta."

Alikata simu yeye kwanza. Kisha akaenda kwenye karakana na kusimama mbele ya Baba, daftari kifuani, hadi nyundo ikanyamaza. Bingwa, aliyekuwa akipima viatu vyake vya kukimbilia, alimnyanyua Mama juu juu na kumzungusha, wakaangusha fremu ya kochi.

Jumamosi adhuhuri waliingia kwa mlango wa kioo, Mama mbele, mkoba ameukumbatia. Nyuma ya kaunta ndefu alikaa mwanamume mwenye pua nyekundu na leso. Aliwatazama, akanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Kisha akainuka kuchungulia mlangoni nyuma yao.

"Wa nne mmemficha wapi?" alimwuliza Baba.

"Hakuna wa nne," Baba alisema.

"Mzee, mimi niliongea na mama mwenyewe. Mbishi ajabu. Mwambieni tu aingie, simli. Chumba ni cha jina lake, na fomu hii inasainiwa na mtu mzima aliyekiagiza. Mama yuko wapi?"

Baba alitazama sakafu. Bingwa naye akatazama sakafu.

Mama alijinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu, akaweka kitambulisho chake cha shule juu ya kaunta.

"Ulisema mwenyewe, miaka kumi na miwili kwenda juu ni mtu mzima," alisema. "Mimi nina kumi na mitatu. Lete kalamu."