Beji ya Keya

Beji ya kofia ambayo bibi aliachiwa na baba yake ilikuwa laini kama kijiko. Baragumu, nembo ya Keya, jeshi la Waingereza, lilikuwa limefutika kabisa kwa kusuguliwa majivu na ndimu kila Idi.

Nassibu, mkusanyaji wa beji za kijeshi aliyefunga safari hadi mtaa wa Isevya kuinunua, aliigeuza. Vishikizo vya nyuma vilikuwa halisi. Akatoa beji yake, iliyo bora kuliko zote alizokusanya, amwonyeshe hasara ya kusugua.

"Hazisuguliwi, bibi. Huu weusi ndio thamani yake. Ukitoka, beji imekufa."

"Kumbe palikuwa na baragumu!" Bibi akacheka, akaichukua ile ya Nassibu. "Na huyu wako alikuwa nani?"

"Ni shaba tupu. Kikosi cha sita, kabla ya vita vya Burma."

"Mjukuu wangu, nimeuliza nani."

Mwaka Nassibu aliujua, na kiwanda alikijua. Jina la askari hakuwa nalo.

"Masikini, hana hata wa kumwogesha." Bibi akachovya kitambaa kwenye majivu, akashika ndimu.

Mkono wa Nassibu uliinuka kumzuia, ukabaki hewani. Tone la kwanza likaangukia baragumu.