Chumba cha Ndani

Bi Barke aliingia na wageni katika nyumba ya babu wa babu yake, ambayo sasa ni makumbusho. Akawaacha wakishangaa milango ya nakshi, akapitiliza hadi chumba cha ndani. Humo ndimo walimooshwa maiti wote wa nyumba hii, mama yake na wanawe wawili wakiwemo. Akavuka kamba ya kuzuia wageni, akalala chali sakafuni.

"Bibi we, hapo hapalaliwi!" Kombo, mlinzi, alimaka. "Tunafunga saa hizi."

"Funga, mwanangu. Daktari keshakata tamaa nami. Ukinitoa, nitaoshwa wapi? Kwa watu?"

Mkono wa Kombo ukaingia chini ya bega lake kumwinua, ukasita. Mlangoni wageni walisukumana kumpiga picha. Bi Barke akaikutanisha miguu, akajifunika kanga gubigubi.