Siwema Hanipigi

Siku hizi wafu wanaendelea kucheza. Mke wangu Siwema alifariki mwaka juzi, lakini mchezo wa vita mtandaoni ulihifadhi uchezaji wake, na kila jioni anateka ngome za watu kama zamani. Yangu haigusi.

Wakubwa serikalini wakaliona hilo. Walikosa dawa ya kumpa Siwema hospitalini, ila mkaguzi wa kuniletea nyumbani hawakumkosa.

"Mzee Kombo, huu ni upendeleo," akasema yule mama. "Mshambulie sasa hivi. Akikupiga kama anavyowapiga wengine, tutamwacha. Akikuhurumia, tutamrekebisha."

"Mkishamrekebisha atakuwa nani?"

"Atakuwa mchezaji wa haki."

Nikapeleka askari wangu wote kwenye lango lake, huku moyoni namsihi mke wangu: nipige, mama Rehani, nipige bila huruma.

Lango likafunguka. Askari wake wakaweka silaha chini, na maneno yake yakatokea kwenye kioo: "Umechelewa leo. Umekula lakini?"

Mkaguzi aliyasoma, akainamisha kichwa.

"Mjibu kwanza, baba," akasema taratibu. "Nitasubiri."

Nikamwandikia kwamba nimekula, tena nimeshiba kabisa.